Msichangishe hela ya jezi kabla hamjakimbia

Mkuu, simamisha huo mchango. Nimesoma uzi wako hadi mwisho: mnaanzisha joging klabu hapo Nkuhungu, Dodoma, kila mwanachama atoe 40,000 ya jezi na traksuti kabla ya Jumamosi ya kwanza, na asiyetoa hapangwi kwenye msafara. Halafu unatuuliza rangi ipi inapendeza, usajili unafanyika wapi, na mpite njia gani. Rangi wekeni yoyote. Hiyo 40,000 ndiyo itakayowaua, kwa sababu niliiona klabu yetu ikifa hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa katibu.

Sisi tulikuwa upande wa kata ya Kikuyu, Dodoma hapa hapa, na kundi lilianza bila hata jina. Jumamosi alfajiri mtu anatoka na alichonacho: raba za mtumba, kaptula ya zamani, mwingine kanga juu ya suruali. Alikuwepo mama wa maandazi, madereva wa bodaboda, mwalimu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliopanga mtaani, na watumishi waliohamia na wizara zao baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inakuja Dodoma. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mchakamchaka kila mtu kaukimbia shule ya msingi, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na mama wa maandazi ndiye aliyekuwa na sauti. Tukirudi tunanyoosha viungo uwanja wa shule, hapo hapo unasikia nani kafiwa, nani anatafuta kibarua, chumba gani kipo wazi. Watu niliokuwa napishana nao mwaka mzima bila salamu niliwajua majina pale.

Akaja bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa mzoefu wa klabu za Dar es Salaam. Akatuambia klabu bila jezi ni genge la wahuni, na hakuna mdhamini atakayewatazama watu waliovaa kanga. Tukamwamini kwa vile alijua kuongea. Nikaandika tangazo kwa mkono wangu: 35,000, mwisho wa mwezi, asiyelipa akae nyuma ya msafara.

Watumishi walilipa siku ile ile. Mama wa maandazi hakukataa wala hakulalamika, aliacha tu kuja. Kwake hiyo hela ni unga, mafuta na mkaa, ndiyo biashara yenyewe. Na uelewe hili, mkuu: mtu hatasimama mbele ya majirani aseme sina. Atakwambia ana mgeni, atakwambia mguu unamsumbua, na wewe utamwandika mvivu. Bodaboda wakafuata. Kilichoniuma kuliko vyote ni kijana mmoja wa Kigogo. Tukipanda mwinuko wa kwenda Ntyuka alikuwa anatuacha sote, anageuka, anarudi kuwasindikiza wa mwisho, kisha anatuacha tena. Naye akapotea. Nilikuja kumkuta Mtumba, kwenye mji wa serikali, anabeba zege. Nikamuuliza mbona kimya, akanijibu, "Kaka, ile si timu ya wenye jezi?"

Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, ni mtu wa Singida, majirani zetu hawa hawa. Ukanda huu una miguu. Sisemi yule kijana angefika huko. Nasema tulimtoa barabarani kwa ajili ya kitambaa, na hakuna atakayejua angefika wapi.

Na kitambaa chenyewe! Jezi zilichelewa, zikaja nzito, zinashika jasho kama turubai, na kumbe fundi alikuwa mtu wake yule bwana. Waliolipa wakapiga picha, wakavaa mara chache. Kisha ukaja ule upepo wa Juni na Julai mnaoujua, na bila mtu wa kuanzisha wimbo hapakuwa na cha kumtoa mtu kitandani. Klabu ikabaki kundi la WhatsApp la kutumiana salamu za Ijumaa na Jumapili. Yule bwana alihamia mtaa mwingine, nasikia anawashauri wengine huko. Hasira yangu kwake haijaisha na sitaki iishe, maana hakupoteza chochote. Mtaa ndio uliopoteza.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu: miezi mitatu ya kwanza asitoe mtu hata shilingi. Kila mtu aje na maji yake, mwendo uwe wa yule wa mwisho, mkimbie. Mkishazoeana na mkataka sare, iwe fulana ya kawaida ya rangi moja ambayo mtu anaweza kuipata mnadani. Mkiona lazima mchange, kila mmoja ampelekee mweka hazina anachoweza, kimya kimya, na asiyeweza apewe fulana kama wengine bila kutajwa. Orodha ya waliolipa isibandikwe kwenye kundi. Hiyo orodha ndiyo sumu.

Usajili upo. Anza kwa afisa michezo wa jiji. Klabu zinasajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo na mtatakiwa kuwa na katiba. Lakini haraka ya nini? Kwa sasa mwambie mwenyekiti wa mtaa ili asishtuke kuona watu wanaimba alfajiri. Na barabara kuu ya Singida iacheni kabisa kukiwa na giza. Miezi ya baridi saa kumi na mbili asubuhi bado huoni vizuri na malori hayapunguzi mwendo. Zungukeni njia za ndani.

Kama kuna ambao wameshakutumia hela, warudishie leo, na uwaambie wote, waliolipa na wasiolipa, muda wa kukutana Jumamosi ni ule ule.