Je, kula kwa kuusikiliza mwili ni kujiachia?

SWALI: Nina umri wa miaka 38 na ni mama wa watoto watatu. Kwa miaka sita nimefuata kila ratiba ya kupunguza uzito niliyoletewa, mara niache wanga kabisa, mara ninywe maji ya ndimu peke yake hadi saa saba mchana. Hupungua kilo nne au tano, kisha hurudi na nyongeza. Juzi, baada ya kushinda na matango na mayai mawili, nilijikuta saa tano usiku nimesimama jikoni gizani, nikikwangua ukoko wa wali sufuriani. Nililia. Rafiki yangu ananishauri niache ratiba hizo, nile kwa kuusikiliza mwili. Je, huko si kujiachia?
Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Pole sana, dada yangu. Ukoko ule haukuwa dalili ya udhaifu wako, bali ni mwili uliokuwa ukidai haki yake.

Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema kwa muda wa miezi sita, wakiwapa takriban kalori 1,570 kwa siku, kiasi ambacho ratiba nyingi tunazotumiana kwenye simu hazikifikii. Wanaume hao walianza kuwaza chakula usiku na mchana, baadhi yao wakakusanya hata vitabu vya mapishi, na walipofunguliwa milango ya jikoni wapo waliokula kupita kiasi na bado wakasema hawajashiba.

Njia anayoitaja rafiki yako ilielezwa mwaka 1995 na wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch. Msingi wake ni kula unaposikia njaa, kuacha unaposhiba, na kutokihesabu chakula chochote kuwa haramu kwa sababu tu ya unene. Hilo si kujiachia, kwa kuwa anayejiachia haisikii hata shibe yake. Nakueleza wazi, hata hivyo, kwamba njia hii haikuahidi kupungua kilo. Inachokusudia ni kukupatanisha na sahani yako.

Anza na asubuhi. Kunywa chai yako na kitu cha kushibisha, kiwe muhogo, maharage au kiporo cha jana, kabla njaa haijawa kali. Mchana pakua wali wako, keti, ule taratibu, na katikati ya sahani tulia kidogo ujiulize kama bado una njaa. Sisi akina mama tuna jambo moja linalotuponza: kumaliza makombo ya watoto ili chakula kisitupwe, ilhali tumeshashiba. Wapakulie kidogo, waongezwe wakiomba.

Ikiwa una kisukari au unatumia dawa zinazotegemea saa za kula, usibadili chochote kabla ya kuonana na daktari, maana njaa peke yake haiwezi kukuongoza. Na iwapo utakula vizuri mchana kwa wiki kadhaa na bado ukajikuta unakula usiku kwa kificho na kulia, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uombe kuonana na afisa lishe, na umsimulie habari ya sufuria ile kama ulivyonisimulia mimi.