Barua kwa Binti Yangu Kuhusu Kabati la Milango Miwili

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma Jumamosi usiku, nikaurudia Jumapili asubuhi baada ya kuvaa miwani, na nimeona nisikujibu kwa simu kwa sababu jibu lenyewe ni refu kuliko kidole changu kinavyoweza kuvumilia. Unasema ofisi imekuhamishia Dar es Salaam kuanzia mwezi ujao, kwamba miaka sita ya Njombe imekujazia masanduku matatu ya nguo ambazo nusu yake huzivai, na kwamba chumba ulichopata kina kabati la milango miwili tu. Unauliza: ukitaka kuanza upya na nguo chache, nzuri na za kudumu, uanzie wapi?

Anza kwa kuacha nguo hukohuko. Masweta ya Njombe wagawie wanaobaki na baridi, ubakize mawili ya safari, maana sweta la sufu likifungiwa kabatini huku wakati wa masika huota ukungu hata kama hujalivaa. Viatu na mikoba ya ngozi bandia nayo usiihangaikie. Joto na unyevu wa pwani huivunja ile tabaka ya juu, ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, iwe imevaliwa au imetunzwa kwenye boksi lake. Jozi moja ya ngozi halisi inayoweza kubadilishwa soli na fundi viatu inatosha kuzishinda jozi nne za namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kitambaa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapodanganywa na rangi. Dar es Salaam inadai pamba na kitani, vitambaa vinavyokunywa jasho na kulitoa, wakati poliesta hulizuia likabaki mwilini, na harufu yake huganda kwenye nyuzi hata baada ya kufua. Ukitilia shaka maneno ya muuzaji, mwombe kipande kidogo cha ukingoni, chomoa nyuzi mbili tatu, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka; poliesta hunywea, huyeyuka, na ikipoa huacha kipunje kigumu cheusi usichoweza kukisaga kwa vidole. Nimewahi kufanya hivyo mbele ya duka Kariakoo, mwenye duka akanuna, lakini bei ikashuka.

Kwa kitenge, geuza upande wa nyuma. Rangi ikiwa imepenya na kuonekana karibu sawa pande zote mbili, hicho kitastahimili kufuliwa. Nyuma ikiwa imefifia, ujue rangi imelala juu tu. Na kitambaa chochote cha pamba, kanga ikiwemo, kilowekwe usiku mzima na kukaushwa kabla hakijakatwa, ili wanga utoke na kirudi kinavyotaka kurudi. Fundi mwenye haraka hupuuza hatua hiyo, na mteja ndiye anayekuja kugundua baada ya mfuo wa kwanza kwamba gauni limepanda juu ya magoti.

Ila kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika, nalo halionekani nguo ikiwa mwilini. Igeuze ndani nje uangalie mshono. Unaikumbuka ile sketi ya bluu ya mama yako? Niliishona mwaka 1991, wewe hujazaliwa, na nikaacha ndani ya kila mshono wa pembeni kitambaa cha akiba cha sentimita mbili na nusu, na kwenye upindo nikaacha vidole vinne. Nimeifumua mara tatu tangu hapo: mara mbili kuiongeza kiunoni alipowazaa ninyi, na mara moja kuipunguza alipougua. Kitambaa hakikuwa cha ajabu, ni pamba nzito ya kawaida, lakini sketi ilikuwa na mahali pa kwenda mwili ulipobadilika. Nguo nyingi za dukani leo hukatwa hadi karibu na uzi, zikapigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaofunga kingo, na kufungwa kabisa, hivyo ukinenepa kilo nne hakuna fundi wa kuziokoa. Mtu akisema nguo inadumu, mimi humuuliza inadumu kwenye mwili wa nani, maana wako wa leo hautakuwa wako wa miaka kumi ijayo.

Nisijifanye sijakosea. Kuna mwaka niliwashonea ndugu wa bwana harusi makoti manne, na kwa kubana gharama nikakazia vifua vyake kwa kitambaa cha gundi cha bei ya chini. Mwezi haukuisha yakarudi mawili, kifua kimejaa malengelenge kama ukuta wenye maji, kwa sababu gundi iliachia chini ya pasi. Niliyafumua yote manne nikayarudia kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo, nikishika koti la mtu hulibana kifuani kwa vidole viwili na kusugua: tabaka zikiteleza taratibu zenyewe kwa zenyewe, limeshonwa, zikiwa ngumu kama kadibodi, limegandishwa. Nawe fanya hivyo kabla ya kulipa.

Mimi nilijifunza kazi hii kuanzia mwaka 1982, wakati kitambaa kilipatikana kwa foleni, na somo la kwanza nililopewa lilikuwa kugeuza kola, wala halikuwa kushona. Shati likilika shingoni, unaifumua kola, unaigeuza upande uliokuwa umefichwa uwe juu, unairudishia, na mwenye shati anapata miaka mingine miwili. Baada ya mwaka 1984, Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, nguo zikawa nyingi na kazi ya kugeuza kola ikafa. Siulilii ule uhaba, mwanangu, ulikuwa mateso. Lakini bado naweza kukugeuzia kola kwa dakika arobaini.

Kuhusu mitumba, usione haya, kwani hata zamani tulipoiita kafa ulaya tuliivaa. Nenda soko la Karume mapema, belo za mitumba zinapofunguliwa, na utafute kitani. Wanunuzi wengi hukipita kwa sababu hujikunja vibaya na huonekana kimechoka, kumbe ndicho kitambaa kinachofaa joto letu kuliko vyote, na kadiri kinavyofuliwa ndivyo kinavyolainika. Ukipata gauni kubwa la kitani usiogope ukubwa, mimi niko. Kuongeza ndiko kugumu, kupunguza ni kazi ya alasiri moja.

Idadi sitaki kukupangia kama askari, ila kwa kazi ya ofisini na kanisani naona blauzi nne, sketi mbili, suruali moja ya rangi ya giza, magauni mawili ya mchana, moja la kitenge la shughuli, na koti moja jepesi vingekutosha, mradi kila blauzi ikubaliane na kila kitu cha chini. Kanga hazihesabiwi. Rangi chagua mbili za msingi, nawe nakujua utataka nyeupe, basi sikiliza: maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, sabuni haitoki povu vizuri, na nguo nyeupe hugeuka kijivu na kukakamaa. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua, anika kivulini ukiwa umeigeuza ndani nje, na dawa ya kung'arishia usiimwage kila wiki, kwani hula nyuzi kabla ya kula doa.

Lile koti la kijivu ulilonitumia picha yake uje nalo, usiligawe. Mabega yamekaa sawa, na mabega ndiyo sehemu nisiyopenda kuigusa. Mikono na kiuno ni kazi ndogo. Bitana yake inaonekana imechanika kwapani, nimeshanunua nyingine. Vipimo vyako ninavyo kwenye daftari tangu ulipomaliza chuo, lakini sitavitumia. Ukishuka Stendi ya Magufuli pita kwanza nyumbani nikupime upya, kisha ndiyo uende kukiona hicho chumba.

Baba yako