Kumhamishia mtoto shule ya chata: je, naiumiza shule ya mtaa?

Dada yangu wa Minneapolis, umeuliza kama kumhamishia binti yako shule ya chata kutaiumiza shule ya mtaa, na kama kweli huko hakuna ada. Ada hakuna. Chata ni shule ya umma inayoendeshwa na bodi yake kwa mkataba, na jimbo lenu la Minnesota ndilo lililotangulia Marekani nzima kuziruhusu, kwa sheria ya 1991. Waombaji wakizidi nafasi, huchezeshwa bahati nasibu. Kuchagua wenye akili tu ni marufuku.

Kuhusu shule ya mtaa, sitakuficha: inaumia. Fedha za serikali humfuata mwanafunzi anapohama. Wakiondoka watoto 20 wa madarasa mbalimbali, hakuna darasa linalofungwa. Mwalimu ni yuleyule, basi ni lilelile, na bili ya kupasha majengo joto (baridi ya huko unaijua mwenyewe) haipungui. Kinachokatwa ni muziki, maktaba, msaidizi wa Kiingereza. Kule New Orleans, jiji la kusini mwa Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha 2005, karibu shule zote ziligeuzwa chata. Alama za mitihani zilipanda, ila maelfu ya wafanyakazi wa shule, wengi wao walimu weusi, walipoteza kazi.

Hata hivyo, mzigo huo si wa kumtwisha mama mmoja. Mimi ningemtazama mtoto kwanza. Nenda ukaone masomo yakiendelea, uulize walimu wangapi waliondoka mwaka jana, nani atamsaidia Kiingereza, na kama basi linafika kwenu. Chata za mtandaoni usiziguse; matokeo yake kwa ujumla ni mabaya.