Baba yake Lisa kwenye Coming to America: kabla ya McDowell's alikuwa Kunta Kinte

Mkuu, umeuliza mambo mawili kuhusu Coming to America ya mwaka 1988: kama yule jambazi anayeingia na bunduki kwenye mgahawa wa McDowell's ni Samuel L. Jackson kweli, na kama yule mzee aliyecheza baba yake Lisa amewahi kuonekana kwingine. Kwa asiyeijua, ni filamu ya vichekesho: Akeem (Eddie Murphy), mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, anakwenda New York kutafuta mke, anajificha kama mfanyakazi wa McDowell's, na anampenda Lisa, binti wa Cleo McDowell mwenye mgahawa. Kuna mdau amekujibu kwamba mzee yule alibahatisha hiyo filamu moja tu. Hapo ndipo niliposhindwa kupita kimya. Filamu hii nimeitazama tangu enzi za mikanda ya video, naijua karibu neno kwa neno, na mzee huyo ndiye aliyenifanya nianze kusoma majina yanayopita mwishoni badala ya kuzima.

Tumalizane na jambazi kwanza. Ni yeye. Wakati ule Jackson bado alikuwa mtu wa kupewa dakika mbili, na mhusika wake hana hata jina. Anaingia na bunduki na matusi yake, Akeem anamshughulikia kwa mpini wa dekio, kwisha. Miaka 6 baadaye, kwenye Pulp Fiction, Jackson yuko tena mgahawani na kuna ujambazi tena. Safari hii yeye ndiye mteja aliyekaa mezani huku bastola imeelekezwa usoni kwake, na yeye ndiye anayewatuliza majambazi kwa maneno mpaka wanaondoka. Ukizitazama hizo mbili usiku mmoja utaona namna mtu anavyokua katika kazi yake.

Filamu hii imejaa watu wa namna hiyo. Yule kijana anayenyolewa kwa wale vinyozi wabishi ni Cuba Gooding Jr., ambaye baadaye alibeba Oscar kwa Jerry Maguire. Darryl, mchumba wa Lisa mwenye nywele zinazochuruzika mafuta, ni Eriq La Salle. Kuanzia mwaka 1994 alikuwa Dokta Benton kwenye tamthilia ya ER, daktari wa upasuaji mkali asiyecheka na mtu, na nilichukua vipindi kadhaa kuamini kuwa ni mtu yuleyule. Mwenye nyumba anayewapangisha kile chumba kibovu ni Frankie Faison. Huyo yumo kwenye filamu zote 4 za muuaji Hannibal Lecter, kuanzia Manhunter ya 1986 mpaka The Silence of the Lambs, Hannibal na Red Dragon, na wapenzi wa tamthilia ya The Wire wanamjua kama Burrell, bosi wa polisi. Maurice, yule mnene anayeosha majani ya saladi na kuota cheo cha kukaanga chipsi, ni Louie Anderson. Mwaka 2016 alishinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa kucheza mama wa familia kwenye tamthilia ya Baskets. Mwanamume yule akacheza mama, na hakumfanya mama huyo kituko. Alimcheza kwa huruma na adabu kabisa.

Kuhusu wale wazee wawili ombaomba ambao Akeem anawapa bahasha ya pesa: usipowajua, kipande kile kinapita bila kukuchekesha. Ni Don Ameche na Ralph Bellamy, na wanacheza walewale ndugu Duke waliofilisika mwishoni mwa Trading Places ya 1983. Waliowafilisisha kwenye filamu ile ni Dan Aykroyd na huyuhuyu Eddie Murphy, na filamu zote mbili ni za muongozaji mmoja, John Landis. Kwa hiyo Murphy aliwaporomosha, akarudi miaka 5 baadaye akiwa mwana wa mfalme, akawainua bila kuwajua.

Murphy na Arsenio Hall kujigawa kwenye nafasi nyingi, hilo wengi mnalijua. Murphy ni Akeem, ni kinyozi Clarence, ni mwimbaji Randy Watson, na ni Saul, yule mzee Myahudi mweupe wa kwenye kinyozi. Hall ni Semmi, msaidizi wa Akeem, ni kinyozi Morris, ni Mchungaji Brown, na ni yule dada wa kutisha pale klabu. Aliyewabadilisha sura ni Rick Baker, fundi yuleyule aliyemgeuza Michael Jackson kuwa kiumbe cha usiku kwenye Thriller, na kazi hiyo ya Zamunda ilimpatia pendekezo la Oscar. Mimi Saul alinipiga chenga miaka mingi. Nilipoambiwa nilibisha kabisa.

Sasa tuje kwa mzee.

Anaitwa John Amos. Amezaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1939, akajaribu sana kuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani kabla ya kuhamia uigizaji. Miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa nyuso zinazojulikana zaidi kwenye televisheni ya Marekani. Alianza kama Gordy, mtangazaji wa hali ya hewa kwenye The Mary Tyler Moore Show, kisha akawa James Evans kwenye Good Times, baba wa familia maskini Chicago, mkali, mchapakazi, anayeamka kila siku kutafuta kibarua. Amos hakupenda namna kipindi kilivyozidi kumfanya kijana wa kwanza wa ile familia kuwa kichekesho tu, akalisema hilo waziwazi kwa waandaaji, wakamtoa. Mwaka 1976 mhusika wake akauawa kwa ajali ya gari. Mtu aliyepoteza kazi yenye mshahara mnono kwa kutetea heshima ya familia ya kwenye maigizo, huyo hakubahatisha.

Kuna jambo dogo hapa ninalolipenda. Miaka hiyohiyo ya 1970 Amos alicheza kwenye tangazo la McDonald's, akiwa mfanyakazi anayeimba huku anasafisha. Kisha 1988 unampa nafasi ya Cleo McDowell, mtu anayewaiga McDonald's kila kitu halafu anaapa kwamba hajaiga, eti mikate yao ina ufuta na yake haina. Nadhani ndiyo maana anayasema yale maelezo kwa uso mkavu namna ile.

Lakini sehemu iliyonileta kuandika ni nyingine.

Mimi nilianza na Coming to America. Mama yangu alianza na Roots, ile tamthilia ya 1977 iliyorushwa Marekani usiku 8 mfululizo, kutoka kwenye kitabu cha Alex Haley. Sisi watoto tukikaa kutazama McDowell's, kila Cleo alipotokea tunaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, na mama anasema, "Kunta huyo." Hacheki. Tulidhani anamfananisha na mtu, na siku moja nikamwambia, "Mama, huyu ni baba yake Lisa." Akasema siku nitakayoona nitaelewa.

Nilikuja kuona nikiwa mtu mzima. Kunta Kinte akiwa kijana anachezwa na LeVar Burton, tangu Gambia hadi kwenye meli hadi ile mijeledi ambayo dunia nzima inaikumbuka, pale anapolazimishwa kutamka kwamba jina lake ni Toby. Baada ya hapo miaka inasogea, Kunta ni mwanamume kamili, na anayejitokeza ni John Amos. Nakiri kwamba dakika za mwanzo nilikuwa nasubiri anichekeshe. Badala yake anatoroka, anakamatwa, na wanamkata nusu ya mguu ili asikimbie tena. Anayemuuguza ni Bell, mpishi wa nyumba kubwa. Na Bell alipoingia nikasimamisha mkanda. Uso ule naujua. Ni malkia wa Zamunda!

Ni Madge Sinclair, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Yule mama aliyekaa kwenye kiti cha enzi kando ya James Earl Jones, miaka 11 nyuma yake alikuwa mke wa John Amos. Kunta na Bell wanaoana, wanamzaa Kizzy, wanamlea. Kizzy anapokuwa msichana anamwandikia mpenzi wake kibali cha kughushi ili atoroke, inagundulika, na bwana wao anaamua kumuuza. Bell anapiga magoti, analia, anamkumbusha mzungu yule utumishi wake wote. Haisaidii. Mtoto anapakiwa kwenye gari la farasi na hawamwoni tena. Amos na Sinclair wote wawili walipendekezwa kwa tuzo ya Emmy kwa kazi ile, na ukiona kipande hicho kimoja hutauliza kwa nini.

Baada ya hapo nikarudi kwenye vichekesho vyangu, na kuna mahali sikuweza tena kucheka kwa namna ileile. Unakumbuka pale Mfalme Jaffe Joffer anapofika nyumbani kwa Cleo kumfuata mwanawe? Mfalme anataka yaishe. Anamwambia Cleo atamlipa fidia, dola milioni 1. Cleo anakataa. Mfalme anapandisha, milioni 2. Na huyu Cleo tumemwona filamu nzima anavyopenda pesa, juzi tu alikuwa anachekelea kwamba binti yake amempata mtu wa kifalme. Sasa anasimama sebuleni kwake na kumwambia mfalme kwamba hana pesa za kutosha kununua binti yake.

Sebuleni humo yupo Madge Sinclair. Yaani baba na mama wa Kizzy wako chumba kimoja, mtu anataja bei juu ya binti, na safari hii baba ana uwezo wa kusema hapana na hapana yake inasikika. Sidai kwamba John Landis au Eddie Murphy walikaa wakapanga hivyo. Ila waigizaji wale walijua walikotoka, na watazamaji Weusi wa Marekani wa 1988 waliokuwa wameona Roots miaka 11 kabla walikuwa wanaziona nyuso zilezile. Mama yangu aliziona. Ndiyo maana alikuwa anakaa kimya tukicheka.

Na huyo mfalme mwenyewe? James Earl Jones mnamjua kwa sauti, Darth Vader wa Star Wars, na wachache mnajua kwamba utotoni alikuwa na kigugumizi kikali hadi akakaa miaka mingi bila kusema na watu, au karibu hivyo. Lakini mwaka 1979 ilitoka Roots: The Next Generations, muendelezo wa hadithi ya ukoo ule, na aliyecheza Alex Haley mwenyewe, mjukuu wa vizazi vya mbele anayesafiri mpaka Gambia kumtafuta babu yake, ni Jones. Pale kijijini mzee mtunza historia anasimulia ukoo mpaka anafika kwenye jina la Kunta Kinte, na Jones anapasuka kwa kilio cha furaha. Kwa hiyo pale nyumbani kwa Cleo, Queens, wazazi watatu tuliozoea kuwacheka ni Kunta, mke wake, na mjukuu aliyewatafuta.

Jones na Sinclair waliendelea kufuatana. Mwaka 1991 wote wawili walishinda Emmy kwa tamthilia moja, Gabriel's Fire. Mwaka 1994 wakawa tena mfalme na malkia, maana sauti ya Mufasa kwenye The Lion King ni ya Jones na ya Sarabi ni ya Sinclair. Hata muziki umewafuata: Coming to America inafunguliwa na Ladysmith Black Mambazo wakiimba Mbube, wimbo wa Solomon Linda wa Afrika Kusini, na wimbo huohuo, katika sura yake ya Kiingereza, ndio Timon na Pumbaa wanaouimba msituni.

Mmoja zaidi nisimsahau, maana hatajwi kabisa: Kanali Izzi, baba wa yule bibi harusi anayekubali kubweka kama mbwa. Ni Calvin Lockhart kutoka Bahamas. Mwaka 1975 yeye na John Amos walicheza wababe wawili mahasimu kwenye Let's Do It Again ya Sidney Poitier. Amos alikuwa Kansas City Mack, Lockhart alikuwa Biggie Smalls. Jina hilo la Biggie Smalls ndilo alilolichukua yule rapa wa Brooklyn, The Notorious B.I.G.

Amos aliendelea vizuri tu baada ya 1988. Kwenye Die Hard 2 ni Meja Grant, unayemwamini mpaka anapokugeuka, na kwenye The West Wing ni Admirali Fitzwallace, mkuu wa majeshi. Muendelezo wa Zamunda ulipotoka 2021, yeye na Jones walirudi. Sinclair hakuwepo, alifariki mwaka 1995. Jones na Amos wamefariki mwaka mmoja, 2024, Amos mwezi Agosti na Jones Septemba.

Mkuu, ukitaka kumfuatilia Amos, Good Times tazama misimu 3 ya kwanza, baada ya hapo hayupo. Roots usirukie kati ukimtafuta yeye. Anza na LeVar Burton, umfahamu kijana yule na kijiji chake, ili Amos akifika ujue amebeba nini. Kisha rudi McDowell's, umngoje pale mfalme anapofika kwenye milioni 2.