Mwanangu yuko darasa la tatu, kusoma bado

*Shikamoo Anti. Naishi Kibirizi hapa Kigoma, nina watoto wanne, kazi yangu ni kununua dagaa mwaloni na kuwaanika. Mume wangu ni mvuvi. Mtoto wetu wa pili ana miaka 9, yuko darasa la tatu, na sentensi moja hawezi kuisoma. Nikimuuliza mwalimu wake ananijibu "ajitahidi." Baba yake anasema kufundisha ni kazi ya walimu, ila mtoto akikosea kusoma mbele yake anamchapa. Mimi niliishia darasa la nne, naogopa nikimfundisha nitampoteza zaidi. Jirani anasema tatizo ni Kiha tunachoongea nyumbani. Nimpeleke tuisheni, au nimtafutie shule ya bweni? Mama wa Kibirizi.*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na bweni, maana ndilo jepesi. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa hiyo mtoto huyu ni wa kulala kwenu. Tuisheni nayo isubiri. Huko atakaa na wenzake wa darasa la tatu wakifundishwa ya darasa la tatu, na yeye amekwama kwenye ya darasa la kwanza. Utakuwa unalipa pesa ya dagaa ili mtoto apitwe mara mbili kwa siku.

Darasa la nne ulilosoma linatosha kabisa kwa kazi hii. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akizishika silabi, anasoma hata neno asilolijua maana. Asiyesoma kuna silabi zimemshinda, na kazi yako ya kwanza ni kujua ni zipi.

Leo jioni mwandikie ba be bi bo bu kwenye karatasi. Huenda akazisoma mbio bila kosa. Usifurahi bado. Weka kidole kwenye *bo* peke yake, umuulize hii ni nini. Mwangalie midomo. Ikianza kucheza kimyakimya, ba, be, bi, ndipo atoe *bo*, ujue alikuwa anaimba. Sauti ameikariri darasani pamoja na wenzake, jicho halijaijua herufi. Kitabuni nako huwa hivyohivyo: anatazama picha ya kuku, anasema "kuku." Funika picha kwa kiganja, umwanzishe mstari wa chini kupanda juu, utaona ukweli wote kwa dakika tano.

Ukishajua, chukua boksi la sabuni, likate kadi 25 za ukubwa wa kiberiti. Tumia herufi b, k, l, m na t, kila moja na irabu zake tano. Kila siku mpe kadi tano tu, uzichanganye, asizione kwa mpangilio wa wimbo. Akizitambua zote bila kusita siku mbili mfululizo, ongeza tano nyingine. Halafu aziunganishe: ki na ti, ba na ta, me na li, ka na la na mu. Usianze na *mama* na *baba*, hayo ameshayakariri. Zikishaisha hizo 25, ingiza s, n, d, g, p na w, sasa aandike maneno ya kwenu: mgebuka, dagaa, mawese. Mwisho kabisa ndiyo mb, nd, ng, ny, ch, sh na mw. Hizi ndizo zinazowaangusha wengi, kwa sababu walizifikia kabla zile nyepesi hazijakaa.

Dakika 20 kwa siku, zisizidi. Mtoto aliyechoka anabahatisha, na akishazoea kubahatisha ni kazi kumwachisha. Hapo ndipo fimbo inapoharibu. Mtoto anayeogopa kuchapwa hasomi herufi, anausoma uso wa baba yake na kutupa neno lolote haraka ili mambo yaishe. Akikosea, mtajie silabi sahihi kwa sauti ya kawaida, airudie, mwendelee. Ukiwa na mtoto mkubwa anayesoma vizuri, mpokezane, lakini mwambie asimcheke mdogo wake.

Kiha msikiache. Mtoto anayesimuliwa hadithi na bibi yake kwa Kiha anajifunza kupanga mambo, kuuliza na kukumbuka, na hayo anaingia nayo darasani. Asome kwa Kiswahili, kisha akueleze kwa Kiha alichokisoma. Akiweza kueleza, ameelewa.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Asubuhi za giza, yaani siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, boti zinapoingia na dagaa wengi, nani anakusaidia kuanika, kugeuza na kufukuza ndege? Kama ni huyu mtoto, hata kwa saa moja tu kabla ya shule, anafika amechelewa na amechoka, tena mara nyingi kusoma hufundishwa vipindi vya kwanza. Asubuhi mbili kwa wiki, kwa wiki tatu za giza, ni asubuhi sita kila mwezi. Silabi zinafundishwa kwa kufuatana. Aliyekosa za Jumanne hawezi kuzielewa za Jumatano. Najua dagaa ndiyo riziki yenu, na siwezi kukuambia uwaache wakaoze. Lakini atafutwe mtu mwingine wa asubuhi, huyu akusaidie jioni kuwaanua.

Nenda shuleni, lakini usiulize tena "mwanangu anaendeleaje?" Swali hilo jibu lake ni "ajitahidi," hasa kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika. Nenda baada ya vipindi, ukiwa na daftari la mtoto mkononi, uulize matatu: anakaa wapi darasani, silabi gani hajazishika, na mwezi huu amekosa siku zipi kwenye daftari la mahudhurio. Muonyeshe kadi zako. Mwombe akae mbele. Mwalimu akiona mzazi anafanya kazi nyumbani, naye anapata pa kushikia.

Mpime masikio na macho mwenyewe kabla hujasema ni mzito. Simama nyuma yake hatua kadhaa, mwite kwa sauti ndogo. Mtazame kama anakunja macho akiangalia mbali. Sikio linalotoa usaha, hata kama haliumi, linapunguza usikivu, na mtoto asiyesikia tofauti ya *ba* na *pa* hawezi kuziandika. Malaria ya mara kwa mara na minyoo vinapunguza damu, mtoto anasinzia darasani mkadhani ni uvivu. Anzeni zahanati, wakiona inafaa watawaandikia rufaa ya Hospitali ya Maweni. Na asiende shule na njaa. Uji asubuhi, dagaa kwenye mboga, na mawese yakiwa bado mekundu: ukiyachoma mpaka yakawa meupe, ile vitamini A inayosaidia macho imeondoka.

Baba yake nimemweka mwisho kwa sababu ndiye mwenye nafasi ambayo huitazami. Giza likiwepo yuko ziwani usiku kucha, hiyo sawa. Mbalamwezi ikitoka anakaa nyumbani karibu wiki nzima. Siku hizo kadi ziwe zake. Kama naye hasomi vizuri, haidhuru: amchukue mtoto mpaka ufukweni, wasome maandishi yaliyo ubavuni mwa boti, silabi kwa silabi, wahesabu na taa. Mwambie wakati ametulia, usimwambie mbele ya mtoto. Hilo la "kazi ya walimu" wengi wanalo tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016. Kilichoondolewa ni ada na michango ya lazima. Sare, daftari, chakula na matibabu vilibaki kwa mzazi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa elimu ya mwanawe. Sikuandikii ili umtishe nayo. Ataelewa zaidi akimsikia mtoto anasoma jina la boti yake mwenyewe.

Usitegemee muujiza wa wiki moja. Nyuma ya daftari andika tarehe na idadi ya kadi anazozitambua bila kusita. Zikifika 25 ndani ya wiki sita hadi nane, mko njiani, na mwakani atauingia upimaji wa darasa la nne akiwa anasoma swali mwenyewe. Kama mmekaa naye kila siku, macho na masikio ni mazima, hakosi shule, na bado kadi hazivuki kumi, peleka daftari hilo kwa mwalimu mkuu. Mwombe awaunganishe na ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri, mtoto apimwe. Wapo watoto wenye akili nzuri kabisa ambao herufi zinawachanganya, nao hufundishika kwa njia yao.