Maswali ya Wasomaji: Je, Wachina Husomesha Mvulana Kwanza?

SWALI: Mhariri, binti yangu na mdogo wake wa kiume, aliyemfikia darasani, wote wamefaulu mtihani wa darasa la saba, nami nina karo ya mmoja tu. Fundi mwenzangu aliyewahi kufanya kazi na Wachina barabarani ananiambia kwamba hata wao, pamoja na maendeleo yao, humtanguliza mvulana. Je, ni kweli?
Baba wa Wanne, Arua

JIBU: Ndugu Baba wa Wanne, mwenzako amesema kweli ya zamani, tena nusu yake. Katika vijiji vya China binti akiolewa alihamia kwa wakwe, na mtoto wa kiume ndiye aliyetarajiwa kuwatunza wazazi uzeeni. Wana msemo kwamba binti aliyeolewa ni maji yaliyokwisha kumwagwa. Mkulima asiye na pensheni, mwenye watoto kadhaa na mfuko mmoja, alipeleka karo kule alikotumaini kula kesho. Wapo waliomwita binti Zhaodi, yaani mwenye kumwita mdogo wa kiume. (Ukisikia hapo harufu ya kwetu, hujakosea.)

Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu tangu mwaka 1980 hadi 2015, ilizidisha uchungu huo: wazazi wengi walitumia vipimo vya mimba kuwaepuka wasichana, hata mwaka 2004 wakazaliwa wavulana wapatao 121 kwa kila wasichana 100. Lakini mjini, binti aliyezaliwa peke yake hakuwa na kaka wa kumpisha, na karo, masomo ya ziada na matumaini yote ya ukoo yakawa yake. Leo wanawake ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini humo. Akili za wasichana zilikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni hesabu ya nyumbani.

Basi nawe irudie hesabu yako. Tangu mwaka 2007 serikali yetu ya Uganda hulipia ada ya masomo ya sekondari katika shule zilizo ndani ya mpango wake, ingawa sare na chakula hubaki kwa mzazi. Huenda fedha za bweni la mmoja zikawatosha wawili katika shule ya kutwa. Ikishindikana kabisa, mtangulize binti, kwa maana mvulana akisubiri mwaka mmoja hurudi darasani, lakini msichana akikaa nyumbani mwaka huo washenga huanza kubisha hodi.