Kondoa na Mpwapwa kutoonana kupitia Dodoma

Mkuu, umesema ruta (vifaa vya kuelekeza data kati ya mitandao) za matawi ya Kondoa na Mpwapwa zinaiona ya Dodoma ila zenyewe hazionani, na unatumia EIGRP, itifaki ya ruta kupashana habari za njia. Laini za fremu rilei (Frame Relay, huduma ya kuunganisha matawi kupitia mtandao wa mtoa huduma) ni nzima. Ruta ya Dodoma inapokea njia ya Kondoa kupitia mlango wa seriali (ule wa laini hiyo), kisha inagoma kuitangaza kupitia mlango uleule, kuzuia njia zisizunguke.

Ondoa anwani ya IP kwenye seriali ya Dodoma, uigawe iwe milango midogo miwili ya nukta kwa nukta, ili kila tawi liwe na mlango wake na Dodoma isigome tena: Kondoa DLCI (namba ya kutambulisha laini) 102, Mpwapwa 103, kila mmoja na sabneti yake ya /30, yaani kikundi kidogo cha anwani kinachotosha ruta mbili. Badilisha anwani na huko kwenye matawi. DLCI za pande mbili zikitofautiana zisikusumbue (mimi zilinila siku nzima!), namba hiyo inaishia kwenye swichi ya mtoa huduma.